Panga Lisubiri: Majibu kwa Washauri wa Baada ya Mvua ya Mawe

Mvua ya mawe haikai sana Rugaaga. Wingu linapanda nyuma ya vilima alasiri, upepo unatangulia, bati linalia mpaka watu hawasikilizani, kisha jua linatoka na kukuta shamba la migomba limechanwachanwa. Kabla barafu haijayeyuka mashinani, mashauri yameshaanza. Jirani ana lake, mwenye duka la dawa za kilimo ana lake, shemeji anapiga simu kutoka Mbarara na la tatu. Mashauri haya hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, na baadhi yake huangamiza shamba kuliko mawe yenyewe. Nayajibu moja baada ya jingine. Yenye chembe ya ukweli nitayapa haki yake.

Kwa asiyepajua mahali hapa: Rugaaga iko wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara, ndani ya ule ukanda mkavu ambao Waganda huuita ukanda wa mifugo. Pembeni yake ndipo ilipo Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu 1958, na ukitoka eneo lake la Rubondo hufanyi safari ndefu kufika kwenye mashamba ya wenyeji. Matooke ya huku, yaani ndizi za kupika, ndiyo yanayopakiwa malori kwenda Mbarara na Kampala. Mvua ni misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na hakuna msimu wenye dhamana. Ukame wa 2016 ulipokausha migomba ya Isingiro, kaya nyingi zililala njaa na wengine wakahama. Kwa hiyo shamba linapopigwa, mwenye shamba haangalii bustani yake ikiharibika. Anaangalia chakula na ada ya shule.

"Shamba limekufa. Ng'oa upande mahindi."

Hili huja la kwanza, tena kwa sauti ya huruma, na ndilo la hatari kuliko yote.

Kinachoonekana kama shina la mgomba si shina. Ni ala za majani zilizofungamana, moja ndani ya nyingine. Shina lenyewe ni tunguu, nalo limo ardhini. Kichipuo kinachozaa majani yote hukaa hapo chini, usawa wa udongo, na hakianzi kupanda juu ndani ya gogo mpaka mgomba ukaribie kutoa mkungu. Jiwe la barafu, hata liwe kubwa namna gani, halifiki huko. Linachoharibu ni majani. Nayo majani, kwa mgomba ambao haujazaa, ni kitu cha kutolewa upya: mgomba mmoja hutoa thelathini na zaidi kabla ya mkungu kuonekana.

Huna haja ya kuniamini. Chukua kipande cha mkaa. Tafuta lile jani changa ambalo bado limejiviringa, linalochomoza kooni mwa mgomba. Chora mstari mmoja kwenye jani hilo na mwingine kwenye gome lililo kando yake, mistari ikiwa sawasawa. Ondoka. Rudi baada ya siku mbili tatu. Udongo ukiwa na unyevu, utakuta mstari wa jani umepanda na kuuacha ule wa gome. Huo mgomba unafanya kazi, na anayetaka kuung'oa anataka kuua kitu kilicho hai. Mistari isipoachana wakati wa kiangazi, usihukumu bado. Mgomba wenye kiu husimama kukua ukingoja mvua, na kusimama si kufa.

Hata gogo likivunjika katikati, aliyepotea ni mama peke yake. Wakulima wa huku hupanga shina moja la migomba kwa ngazi tatu: mama anayezaa, binti anayefuata, mjukuu anayechipua. Mama akianguka, binti ana tunguu, ana mizizi, na sasa ana nafasi ya jua. Kung'oa shina zima kwa sababu ya mama ni kutupa mavuno mawili yaliyokuwa njiani. Na hayo mahindi? Yatakaa miezi mitatu au minne yakimngoja yule kiwavijeshi aliyeingia Uganda mwaka 2016, kisha msimu ujao uanze tena na jembe. Kupanda maharagwe katikati ya migomba iliyopoteza kivuli, hilo sawa, tena ni jambo la busara, maana mwanga umefika chini na ardhi isikae wazi.

"Kata majani yote yaliyochanika, mgomba upumue."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri huu hutekelezwa siku ileile, kwa bidii, na watu wanaoamini wanatenda wema.

Jani la mgomba limeumbwa kuchanika. Mishipa yake inatoka kwenye uti na kwenda ukingoni sambamba, na upepo ukilipiga linapasuka kando ya mishipa hiyo bila kuikata. Ndiyo maana mgomba wa kilimani ambao haujawahi kuona jiwe la barafu bado una majani yaliyopasukapasuka, na unazaa. Utepe wa kijani uliobaki kwenye uti unaendelea kupika chakula cha mti. Mvua ya mawe ni kali kuliko upepo, kweli, inatoboa na kukata. Lakini jani lililobaki na nusu ya kijani chake ni nusu ya jani, na ukilikata linakuwa si kitu.

Tatizo linazidi kwa mgomba uliokwisha kutoa mkungu. Huo hautatoa jani jingine tena maisha yake yote. Majani uliyoyakuta siku mkungu ulipochomoza ndiyo hayohayo yatakayoujaza mpaka siku ya kukata, na wataalamu wa migomba hutaka yasiwe chini ya manane wakati huo. Mawe yameshachukua sehemu. Wewe ukija na panga kumalizia yaliyobaki, umekata mkungu ukiwa bado mtini.

Wanaotunza mitende kule Arizona, jangwani, wanajua kanuni hii kwa njia ya baridi. Usiku wa jalidi ukiunguza makuti, wanaoujua mti huo hawapandi na msumeno asubuhi. Wanayaacha makuti yaliyokauka yaning'inie mpaka msimu wa baridi upite, kwa sababu yanaufunika moyo wa mtende, na moyo huo ukifa shina hilo halichipui tena. Mgomba una bahati kubwa zaidi ya mtende, lakini sababu ya kusubiri ni ileile: jani linaloudhi macho bado lina kazi.

Yapo ya kukata, nayo ni machache. Jani lililovunjika kikonyo na kuanza kukauka lote, likate. Jani linaloning'inia na kusugua mkungu, likate, maana litachubua matunda. Lililolala juu ya binti na kumnyima mwanga, liondoe. Mengine yaache. Mgomba ambao haujazaa ukishajikunjulia majani mapya matatu au manne, hapo ndipo unarudi kusafisha yale makuukuu, na wakati huo hata kovu la mvua halionekani sana.

Kwa nini basi panga linatoka haraka hivi? Nadhani jibu liko kwenye leja leja, yaani kazi ya kibarua. Mwenye shamba anamwita kijana wa Nakivale, anamwonyesha kipande, anamlipa kwa kipande kilichosafishwa. Jani lililoachwa linaonekana kama kazi iliyoachwa. Kijana naye hana sababu ya kubishana na anayemlipa. Kosa si lake. Anayetaka shamba lake lipone amlipe kijana huyo kwa kuegemeza mikungu kwa nguzo, kutandaza na kusomba mbolea. Kazi haitapungua.

Na mkungu wenyewe? Tazama majani na umri wake pamoja. Mkungu uliokaribia kukomaa utamalizia hata kwa majani machache. Uegemeze nguzo, uvumilie, ukate. Uliochomoza wiki mbili kabla ya mvua, juu ya mgomba uliobakiwa na majani mawili, huo usiupe matumaini. Utakaa miezi ukinyonya tunguu na kutoa vidole vyembamba. Kata, na nguvu ziende kwa binti. Lakini gogo liache limesimama wiki kadhaa, urefu wa mtu hivi, kwa kuwa maji na virutubisho vilivyomo hurudi chini kumlisha mtoto. Likishasinyaa, likate chini kabisa na ulipasue vipande vyembamba vikauke. Usiliache lioze likiwa zima, maana fukusi wa mgomba, yule mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, hutaga humo kwa furaha.

Yule anayesema ndizi zilizopigwa na mawe zina sumu, mwambie amenye moja. Kovu ni jeusi, linaishia kwenye ganda au milimita chache ndani. Matooke hayo yanapikika. Mchuuzi wa Mbarara atashusha bei kwa sababu ya sura yake, na hapo mlalamikie mchuuzi.

"Upepo ndio ulioiangusha."

Mara nyingine ni kweli. Inama uangalie.

Mgomba uliovunjika gogo, sehemu ya chini ikabaki imeshika ardhi, umevunjwa na upepo au na uzito wa mkungu. Mgomba uliolala mzima, tunguu nje, mizizi mifupi na myeusi, huo ulikuwa unangoja kisingizio. Chini yake kuna minyoo ya udongo iliyokula mizizi, au fukusi aliyetoboa tunguu. Kata tunguu hilo kwa panga: ukiona mashimo na njia za kahawia zilizojaa unga, umepata aliyeuangusha. Dhoruba imekufanyia upekuzi bure. Kuchukua machipukizi ya shina hilo na kuyapanda kwingine, kama wengi wanavyofanya kwa kuona huruma yasipotee, ni kuhamisha ugonjwa kwa mikono.

"Mwagilia kidogo kidogo kila jioni."

Ushauri huu ni wa wakati wa kiangazi, mvua ya mawe inapofuatwa na wiki sita za jua, na unasemwa na watu ambao hawajapiga hesabu.

Tupige. Migomba hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kwa hiyo kila shina lina mita za mraba 9. Mgomba unataka, kwa uchache, milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jumla ni lita 225, yaani majerikani kumi na moja ya lita 20 na chenji, kwa shina moja, kwa wiki moja. Kiwango ambacho Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa hujiwekea ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na mama wa Nakivale anayepanga foleni bombani anajua kama kiwango hicho humfikia au la. Shina moja la mgomba linataka maji ya mtu mmoja ya siku kumi na moja. Kikombe cha jioni kinalowesha vumbi, kesho saa nne asubuhi kimeshapaa.

Kama una maji ya kuoshea vyombo, usiyagawe shamba zima kwa usawa. Chagua mashina mawili matatu yaliyo karibu na jiko, na uyape yote. Yale mengine yape matandazo.

Matandazo ndiyo umwagiliaji wa mkulima wa Isingiro. Mabua ya mahindi, maganda ya maharagwe, majani makavu ya migomba yenyewe, magogo yaliyopasuliwa: vyote vitandazwe kwa unene wa kuzuia jua lisione udongo, lakini visiguse mgomba. Acha nafasi ya hatua moja kuzunguka shina, la sivyo umemjengea fukusi nyumba. Najua ugumu wake. Mabua hayohayo ng'ombe wa jirani anayataka, na jiko linayataka pia. Nani apate ni uamuzi wa nyumba, siwezi kuuamua kutoka hapa. Ninachosema ni kwamba anayeyachoma shambani ili paonekane pasafi hajampa yeyote.

Kuna jambo jingine ndani ya hili la maji ambalo halisemwi sokoni. Watafiti wakiongozwa na Piet van Asten walionyesha mwaka 2011, kwa vipimo vya Uganda, kwamba kila milimita 100 za mvua ya mwaka zinazokosekana huchukua kati ya asilimia 8 na 10 ya uzito wa mkungu. Isingiro yetu mara nyingi hukosa mvua ya kutosha. Basi kila mtu analia maji. Lakini mwaka 2013 Godfrey Taulya, baada ya majaribio ya Kawanda na Ntungamo, alichapisha jambo la kushangaza: migomba ya nyanda za juu inaumia zaidi kwa kukosa potasiamu kuliko kwa ukame. Ntungamo ni jirani yetu hapo. Na potasiamu yetu inakwenda wapi? Inapanda lori. Ndizi imejaa potasiamu, ganda limejaa zaidi, na kila lori linalotoka Rugaaga limeibeba. Maganda yake yanalisha ng'ombe wa Kampala au yanaoza kwenye majalala ya Kampala.

Mvua huwezi kuileta. Majivu unayo. Majivu ya jikoni yana potasiamu, na nyumba nyingi huyamwaga chooni au njiani. Yamwage kuzunguka shina, chini ya matandazo, mbali kidogo na gogo. Samadi nayo iende, ila usichanganye samadi mbichi na majivu kwenye ndoo moja, kwa sababu majivu huifukuza naitrojeni ya samadi ikapaa hewani. Peleka kimoja leo, kingine baada ya mvua mbili tatu.

"Nunua dawa upulize, majani yatapona."

Hapana. Jani lililochanika halina dawa ya kulishona, iwe ya unga au ya maji. Pesa hiyo nunua samadi.

"Hili ni jua tu, migomba inanyauka kwa sababu ya kiangazi."

Laiti ingekuwa kweli kila mara. Uongo huu ni wa kujifariji, na unatokea wiki chache baada ya dhoruba, wakati majani yote yana kingo zilizokauka na hakuna anayeweza kutofautisha rangi moja na nyingine. Ndipo kiwotoka kinapopita bila kuulizwa. Kagera, Tanzania, wanakiita unyanjano. Ni mnyauko wa bakteria, na hakuna kiuatilifu kinachouponya.

Tofauti iko wazi ukiijua. Kiangazi huanza na majani ya zamani, kwenye kingo, yakijikunja kufuata uti na kushuka kulizunguka gogo kwa adabu, huku jani la katikati likibaki kijani. Mnyauko wa bakteria hauna heshima ya umri: unaweza kuanza na jani changa, likageuka njano na kulegea kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ua dume, ile zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, linasinyaa na kuwa jeusi. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, nyingine mbivu nyingine mbichi kwenye chana moja, na ukizikata ndani ni za kahawia na kutu. Bado una shaka? Kata gogo, kaa pembeni dakika chache. Ukiona usaha mzito wa njano ukitoka kwenye mkato, jua halihusiki.

Sasa rudi kwenye lile panga la siku ya mvua. Bakteria hawa husafiri kwa wadudu wanaotembelea ua dume, na husafiri kwa vyuma. Panga lililokata mgomba mmoja mgonjwa, kisha likapunguza majani ya migomba mia moja mizima mchana kutwa, limefanya kazi ambayo nyuki wangeifanya kwa miezi. Mvua ya mawe hukusanya mapanga yote ya kijiji yafanye kazi wiki moja, na vijana wa leja leja wanatoka shamba hadi shamba wakiwa na panga lao mkononi. Mwenye shamba anayetaka kulala usingizi aweke moto wa kuni pembeni na panga lipitishwe motoni mpaka lisishikike, au aweke ndoo ya jiki, sehemu moja ya jiki kwa tano za maji. Tena awe na panga lake, libaki shambani kwake. Ni gharama ndogo kuliko mkungu mmoja.

Ua dume lisikatwe kwa panga kabisa. Likate kwa kijiti chenye panda, ulizungushe na kulivunja mara tu chana la mwisho linapotokea. Hilo linafunga mlango mkubwa kuliko yote, hasa kwa kayinja, ndizi ya pombe. Watu husifu kayinja kwa sababu inavumilia jua, na ni kweli inavumilia kuliko matooke, lakini ua lake huwakaribisha wadudu wenye bakteria kuliko la nakitembe, aina ya matooke, ambalo huyashika magamba yake bila kuyadondosha.

Na ukishaupata ugonjwa, kuna ushauri mwingine wa zamani uliotolewa hata na wataalamu: ng'oa shina zima, mama, binti na mjukuu. Ulikuwa na mantiki, ila uliwashinda watu kwa uzito wa kazi na kwa njaa, wakauacha. Majaribio ya mashambani, yakiwemo ya Kivu huko Kongo, yamethibitisha njia nyepesi. Kata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, choma au osha panga, rudi kila wiki, kata mwingine ukionekana. Bakteria hawaingii kwenye kila chipukizi la shina hilo. Ukifuatilia bila kuchoka, ugonjwa unapungua na shamba linabaki. Ukikata wiki ya kwanza na kusahau ya pili, umepoteza bure.

"Wakimbizi ndio walioleta haya yote."

Huu si ushauri, ni lawama, na wale wanaoutoa huchanganya mambo mawili.

La kwanza, kwamba Wakongomani walikuja na kiwotoka. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, binamu wa mgomba. Uganda ulionekana 2001, na ulionekana Mukono, upande wa pili wa Kampala, mbali na mpaka wa Kongo. Mwaka huohuo ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2012 ukagawa bakteria hao matawi mawili: sampuli za Kongo na Rwanda zikaangukia tawi moja, za Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi tawi jingine. Anayetaka kumshika mkimbizi wa Masisi kwa kosa hilo atafute ushahidi mwingine. Panga la leja leja linaweza kusambaza kiwotoka, nimesema hivyo juu kidogo tu. Linaweza pia panga la mwenye shamba, na lori, na machipukizi anayotuma shangazi kutoka Bushenyi.

La pili, kwamba wakimbizi wamekata miti na ndiyo maana mawe yanaanguka. Kukata miti kumefanyika, na kuni za watu zaidi ya laki moja zinatoka mahali. Vilima vilivyo uchi huachia upepo upite na udongo uoshwe kwenda Ziwa Nakivale, na migrivea michache kwenye mpaka wa shamba ingeupunguza upepo huo. Lakini barafu haitengenezwi kilimani. Inatengenezwa ndani ya wingu la radi, ambapo hewa ya moto kutoka ardhini inarusha matone juu ya kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, yakagande, yashuke, yarushwe tena. Nenda Kericho na Nandi huko Kenya, kwenye chai ya kijani kila upande na msitu wa Mau nyuma yake. Ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu popote duniani, hata miaka ya 1960 walijaribu kuyapiga mawingu kwa roketi ili kuokoa chai. Huko hakuna kambi ya wakimbizi.

"Mkimbizi hana haja ya mgomba. Ardhi si yake."

Nusu ya hili ni sheria. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010, mkimbizi aliyepewa kipande cha ardhi katika makazi anakitumia kwa kulima na kufuga, hawezi kukiuza wala kukikodisha. Kipande kinaweza kupunguzwa wakija wageni, na vimepunguzwa. Kwa hiyo anayesema usizike nguvu zako zote katika zao la kudumu hajasema upuuzi.

Lakini mtu anayesema usipande hata mmoja anadhani mkimbizi ni wa msimu. Nakivale kuna watu waliozalia watoto hapo na sasa wana wajukuu. Mgomba hutoa mkungu wa kwanza kati ya miezi 12 na 18, na baada ya hapo binti na mjukuu hawangoji mbegu za msimu kutoka kwa yeyote. Tangu Julai 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kuzigawa kaya za wakimbizi Uganda kwa makundi na kupunguza zaidi mgao, kaya isiyo na chochote kinachozaa bila kununuliwa imekuwa kwenye hali ngumu. Mashina matano kando ya jiko, yanayokunywa maji ya vyombo na kula majivu, hayachukui nafasi ya maharagwe.

Na mbegu inapatikana kwenye leja leja yenyewe. Ukimaliza kazi kwa mwenyeji wa Rugaaga ambaye shamba lake limesimama imara baada ya dhoruba, mwombe machipukizi mawili juu ya malipo yako. Wengi hawakatai. Chagua yale membamba ya majani kama sime, acha yale ya majani mapana yanayotokea juujuu, maana hayo hayana nguvu chini. Angalia kwanza kama shina ulilochagua lina ua dume zima au jeusi. Nyumbani, menya tunguu mpaka libaki jeupe, ukiona njia ya kahawia iliyotobolewa na fukusi tupa. Chemsha maji yatokote, zamisha tunguu lililomenywa, hesabu mpaka thelathini, toa. Libaki likipoa kivulini, shimo liwe tayari na samadi iliyooza chini yake, na upande siku mvua za Septemba zikishalowesha udongo hadi kina cha jembe.